Ema na Mahindi Yenye Dawa

Siamini bado. Simu imelia asubuhi, nikaambiwa Ema hatunaye, na mimi nikaendelea kupuliza chai yangu kana kwamba nimeambiwa habari za mvua.

Wengi mnamjua kama Profesa Emiliana, mtafiti wa sumu na mishipa ya fahamu. Mimi namjua yule wa miaka ya themanini, mwanafunzi mwenzangu wa famasia, tuko likizo Babati na nguo tulizofulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni.

Njaa ilikuwa imebisha hodi kila nyumba. Asubuhi moja ukungu umelala juu ya kijiji cha Singe, mashamba hayaonekani, tunatembea kama tuko ndotoni. Tukapita kwa jirani, Mama Daudi.

Jikoni anachemsha mahindi ya rangi ya waridi. Mbegu za kupanda, zile zinazopakwa sumu ya wadudu!

"Bwana shamba kasema yana dawa," akatuambia, amefurahi kweli. "Nikasema afadhali, watoto wanakohoa."

Ema akasema, "Shikamoo, mama." Akasubiri marahaba. Kisha akabeba sufuria, akaenda kuyamwaga mahindi yote shimoni. Ndivyo alivyokuwa, adabu kwanza.

Lakini Neema, kitindamimba wake, alikuwa ameshakula. Mate yanamtoka, miguu inatetemeka, mboni zimekuwa ndogo mno. Dalili zilezile za sumu ya wadudu tulizofundishwa darasani. Tulimbeba mpaka hospitali, na dawa nyingi zilikuwa zimeadimika, ila sindano ya atropini haikukosekana.

Mama Daudi akamshika Ema mkono. "Hiyo nayo ni dawa?"

Mwingine angeitikia tu. Ema akamwambia, "Hii nayo ni sumu, mama. Ila imepimwa, na inapambana na ile."

Mama akamwangalia mwanawe. Mimi roho iko mkononi. "Basi mchomeni," akasema.

Jioni Neema alilia akitaka uji. Sijawahi kusikia kilio kitamu vile.

Baadaye kwenye lab yake, mwanafunzi akitamka "dawa" tu, Ema anauliza: "Ya nini, na kwa nani?" Wakambatiza Profesa Ya-Nini. Alijua, na alipenda.

Mchana huu Neema amenipigia. Ana watoto wakubwa sasa. "Chakula cha msiba napika mimi, shangazi. Mtu asiguse jiko." Hapo ndipo nilipolia.

Nimekukasirikia kwa kuondoka bila kuniaga, Ema. Nakupenda hivyohivyo. Lala salama, rafiki yangu. Neema anapika, na sisi wote tutakula.