Kelele za Moyo wa Mzee Makhanu

Kiplimo, fundi wa mashine, alifika asubuhi na boksi, akalitua mezani kama mtu aliyebeba mayai. "Madam Milcah, mashine mpya ndiyo hii. Ile ya zamani naondoka nayo leo. Ikifika saa saba naifuta yote, mpaka jina lako."

"Jina langu futa tu," Milcah akasema. "Lakini kuna mtu namtafuta humo kwanza."

Mtu mwenyewe alikuwa babake, Mzee Makhanu, fundi wa reli mstaafu, aliyezikwa Machi. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyorekodi chochote, kwa hivyo sauti yake haikubaki popote. Kilichobaki ni dakika moja ya moyo wake, ndani ya mashine hiyo kuukuu, katika kliniki ndogo ya Nakuru ambako Milcah amefanya kazi miaka kumi na minne.

Kazi yenyewe wengi hawaielewi. Moyo una umeme! Kidogo sana, lakini upo. Milcah hubandika vibandiko vyenye nyaya kifuani, mashine ikauchora umeme huo kama mstari wa vilima. Shida ni kwamba mstari hukusanya kila kitu: umeme wa soketi, chaja ya simu, baridi ya Julai inayomtetemesha mgonjwa, hata mtu akiongea au akikunja vidole vya miguu. Hayo yote huitwa kelele, ingawa hayana sauti hata chembe. Milcah huziondoa moja moja. Huchomoa chaja, huleta blanketi. Zaidi ya yote hupangusa mafuta, maana nani ataenda hospitali akiwa amepauka? Akina mama wa Subukia hufika wameng'aa mpaka kwapani, kibandiko kikateleza kama kimewekwa juu ya sabuni.

Siku alipokuja kupimwa, babake naye alifika vivyo hivyo.

"Baba, umejipaka kopo zima?"

"Ulitaka nikuaibishe kazini, Mayi?" Alimwita Mayi, yaani mama, kwa kuwa Milcah alirithi jina la nyanyake, mamake mzee. "Waseme mtoto wa Makhanu anamnyima babake mafuta?"

Milcah akampangusa kwa spiriti huku akicheka, akabandika, akabonyeza kitufe. Mzee naye alikuwa hajamaliza. "Kitanda hiki ni kigumu kama benchi la stesheni. Unajua siku ile mamako aliposhuka kwa treni hapa Nakuru mara ya kwanza, alikuwa amebeba..."

"Baba, nyamaza kidogo. Unaharibu mstari."

Akanyamaza. Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni. "Utanimalizia jioni," Milcah akamwambia, na jioni ikawa ya mambo mengine, na zilizofuata pia. Mamake alifariki Milcah akiwa na miaka mitatu. Hakuna mwingine aliyejua alikuwa amebeba nini.

Sasa Kiplimo akaipata faili. "Ni hii? Woi, imechafuka! Ngoja niisafishe uende na kitu smati." Akabonyeza kichujio cha mashine, na mitetemo yote ikayeyuka. Vikabaki vilima vilivyopangana vizuri, vya mtu yeyote.

Milcah akasogea mezani. "Rudisha."

"Rudisha nini?"

"Kelele. Zirudishe zote, tafadhali."

"Miaka yote unapigana nazo, leo unazitaka?" Kisha akamtazama usoni. Akazima kichujio, karatasi ikaanza kutoka.

Milcah akaipokea kwa mikono miwili. Mwanzoni mstari ulikuwa umeota manyoya manyoya, misuli ya mzee akiongea. Hapa panapopanda labda ni benchi. Hapa, labda, ni treni. Akafuata kwa kidole polepole, akisogeza midomo kama mtoto anayejifunza kusoma. Halafu ghafla mstari ukatulia. Safi kabisa, pigo baada ya pigo, hadi mwisho wa karatasi.

Alipajua hapo. Ndipo alipomnyamazisha.

"Iko sawa sasa?" Kiplimo akauliza.

Milcah alirudisha kidole nyuma kidogo tu, kwenye mtetemo wa mwisho kabla ya ule utulivu, akainama karibu na karatasi, akijaribu kusikia neno lililokuwa likifuata.