Bukta ya Kwendea Hospitali

Fundi cherehani wa pale kona alikuwa na presha isiyosikia dawa, kama yeye mwenyewe asivyosikia la mtu. Vidonge vya aina nne alivimeza kila siku, mke wa mwanawe akimsimamia kama askari, na bado kila akipimwa muuguzi alikunja uso. Dada yake aliondoka kwa kiharusi, mdomo umepinda. Fundi alisema kufa haogopi, anaogopa mdomo tu. Ukipinda, atawagombezaje wateja?

Daktari akamweleza: wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa kinenani, upande wa kulia, waupandishe hadi kwenye figo, wachome kwa joto neva zinazochochea presha.

"Kama kupitisha mpira kwenye kiuno cha sketi," akasema fundi.

"Hasa, bibi."

"Na nguo?"

"Utavua."

"Basi nife."

Njiani mkwe akamwambia, "Mama, paja lako hilo nani analitaka?"

"Halitakiwi, ndiyo maana linafichwa!"

Na huyu ndiye aliyepima mapaja ya mtaa mzima, akiwafokea, "Simama wima, una kipi cha ajabu?"

Jumapili akajifungia, akashona bukta ya pamba ya kufika magotini, yenye tundu kinenani, ukingo umezungushiwa uzi kama tundu la kifungo. Daktari apate mlango wake, asizurure.

Siku ilipofika, muuguzi alimfunua shuka, akainama kutazama.

"Bibi, tundu liko kushoto."

Fundi akainua kichwa, akajitazama. Kweli. Aliikata bukta imelala mezani, imemwelekea. Kulia kwa mkono wake kukawa kushoto kwa mvaaji. Mwanafunzi wake angekosea hivyo, angemtimua na mkasi mkononi.

"Vua tu, bibi."

"Sivui."

Njia ilikuwa moja: kuigeuza ndani nje, tundu lihamie kulia. Lakini ndani! Mishono ya ndani hakuihangaikia, maana nani angeiona? Nyuzi zilining'inia kama ndevu za mbuzi. Na mafundi wenzake wote aliwahi kuwaumbua kwa mishono ya ndani. Akalala pale akipima lipi afadhali lionekane, paja au nyuzi, na wallahi nyuzi zilimuuma zaidi. Kisha akaukumbuka mdomo wa dada yake.

"Vuta pazia," akasema, akaigeuza.

Wakamtandikia juu yake shuka lao la kijani, lenye tundu lake tayari, limepindwa vizuri kuliko la kwake. Daktari akauokota uzi mmoja uliochomoza.

"Bibi, hii bukta umeshona mwenyewe?"

"Nimenunua," akajibu fundi, akageukia ukuta.

Presha imeshuka, polepole, kwa kununa, kama mwenyewe. Vidonge bado anameza, ila vimepungua, na mdomo uko pale pale, unafanya kazi yake.

Juzi muuguzi yule alikuja dukani kuchukua sare aliyoshonewa. Kabla ya kuijaribu, akaigeuza ndani nje, akaikagua mshono kwa mshono.

Fundi akajidai anatafuta sindano chini.