Heshima za Mama Kimya

Wenzake kazini walimbandika jina la Mama Kimya, naye hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho, ule wenye mapazia mazito na viti vya mahameli, na kuhakikisha wakishaketi wanatulia. Ukinong'ona, tochi yake hiyo usoni pako. Ukipiga makofi kabla kipande hakijaisha, umejitafutia. Aliwaona wapiga fidla wakubwa wakisikilizwa hivyo, watu kimya kama maji mtungini, akaamini hakuna heshima inayozidi hiyo.

Basi mwanawe alipopata nafasi ya kupiga gitaa ukumbini humo na bendi yake ya roki, mama wa watu alitembea kama aliyevaa viatu vipya. Kijana alikuwa amemwahidi mjomba wake, mwenye duka la saruji, kwamba hili ndilo jaribio la mwisho. Watu wakimpokea, ataendelea. Wakimkataa, anaweka gitaa chini na kwenda kuuza saruji.

Alasiri ile ukumbi ulifurika vijana. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, safu za mbele zikainuka, mikono juu, mayowe. Mama Kimya damu ikamchemka. Mwanangu anapiga muziki, nyie mnapiga kelele?

"Keti, baba. Humu si uwanja wa mpira."

"Mama, huu ni muziki wa kuruka!"

"Utaruka kwenu. Ukisimama tena, nakutoa nje."

Akapita safu kwa safu, wenzake wakamfuata. Punde si punde ukumbi mzima ulikuwa umeketi, mikono mapajani. Akarudi kusimama mlangoni, machozi ya fahari yakimlengalenga. Jukwaani mwimbaji aliwabembeleza watu waitikie, hakuna aliyethubutu. Kijana wake alipiga akitazama sakafu. Nyimbo za mwisho hawakuzipiga kabisa.

Mama alimkuta nyuma ya jukwaa, anakunja nyaya.

"Wametukataa, mama. Walianza kuinuka, wakaona hatufai, wakaketi."

"Walikuwa wanakusikiliza, mwanangu."

"Roki haisikilizwi hivyo. Mtu akikupenda anasimama." Akamshika mkono. "Taa zilinipiga machoni, sikuona vizuri. Ila ukumbi mzima, aliyesimama mpaka mwisho ni wewe tu, pale mlangoni. Asante, mama. Kesho naenda kwa mjomba."

Angesema tu, ni mimi niliyewakalisha, labda kijana angejaribu tena kwingine. Maneno yalimfika kooni. Lakini mkono wa mwanawe ulikuwa bado umeushika wake, na tangu awe mkubwa hakuwahi kumshika hivyo. Akayameza. Kisha akainama, akamsaidia kukunja nyaya.