Asante Haikataliwi

Nakumbuka Jumapili moja, saa saba kasoro dakika kumi mchana, jua likichoma mabati ya kanisa letu pale Noonkopir, nilipofanya wema mbele ya watu na kukemewa kwa wema huo huo. Kaa chini, mwanangu, sina haraka leo.

Nilikuwa kijana kutoka Machakos, nikikata vitambaa katika kiwanda cha nguo, na mshahara ulifika kila mwisho wa mwezi. Ulikuwa mwaka wa ukame. Wamasai walihamisha ng'ombe mbali kutafuta nyasi, na wengi hawakurudi nao. Koko Nasieku, nyanya mjane aliyekuwa akilea wajukuu, alibakiwa na ng'ombe mmoja.

Kila baada ya ibada tulikuwa na mnada. Unajua desturi hiyo: asiye na pesa huleta mayai, kuku au sukuma wiki, vikanadiwa hapo hapo, na pesa zikawa sadaka. Siku hiyo Koko alileta kibuyu cha maziwa.

"Hamsini!" mzee wa kanisa aliita. "Nyinyi watu wa mshahara, soda mnanunua kila siku, baraka mnaogopa?"

Niliinua mkono nikasema mia mbili, na hakuna aliyeshindana nami. Kisha, badala ya kurudi mahali pangu, nilimfuata Koko kwenye benchi la nyuma nikamnyooshea kibuyu chake.

"Koko, rudi nayo nyumbani, watoto wakunywe."

Watu wakapiga makofi. Sikufichi, nilihisi kwamba hata mbinguni wamepiga.

Mikono ya Koko haikutoka chini ya shuka.

"Layioni," akaniita. Hivyo ndivyo Wamasai wanavyomwita mvulana ambaye bado hajawa mtu mzima, nami nilikuwa na mke. "Hii maziwa iko na shida gani?"

"Haina shida, Koko. Ni vile kuna ukame."

"Ukame ni yangu. Maziwa ni ya Mungu. Wewe umeingia hapo katikati kufanya nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Watoto walikunywa asubuhi. Ng'ombe moja imebaki, hii ndiyo asante yangu. Sasa nimwambie Mungu asante imekataliwa?"

Nilikwenda na maziwa nyumbani, mke wangu Ndanu akayachemsha, tukanywa.

Kesho yake nilitaka kibuyu kirudi kikiwa safi kabisa, hivyo nikakisugua kwa maji moto na sabuni ya unga. Koko alikinusa pale mlangoni kwake akafumba macho. Sikujua kwamba kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Husuguliwa ndani kwa kijiti cha moto cha mti maalumu, kikabaki na harufu ya moshi.

"Umefulia mimi kibuyu kama shati!" akasema, na hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana.

Mvua ilirudi, lakini kiwanda kikapunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wao. Nikaacha kwenda kanisani. Mkono mtupu haulambwi, nilijiambia. Nitakaaje kwenye mnada bila kitu cha kuleta wala cha kununulia?

Asubuhi moja Koko akabisha.

"Takwenya," alimsalimu Ndanu.

"Iko," Ndanu akaitikia, maana tulikuwa tumeshajifunza salamu za Kimasai.

Mkononi Koko alikuwa na kile kibuyu, kimejaa. "Layioni, kunywa. Harufu ya sabuni imeisha."

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema hapana, wape watoto, sisi tutajikaza. Nikalikumbuka benchi la nyuma. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikapokea.

Sasa, chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu, kwetu Ukambani wala kwa Wamasai. Ndani tulikuwa na vikombe viwili vya ndengu kutoka kwa mama yangu, basi. Ndanu alinitazama, nikaitikia kwa kichwa, naye akahamishia maziwa sufuriani, akafunga kikombe kimoja cha ndengu kwenye kitambaa. Nilitazamia Koko aseme, "Bakini nazo, naona hali." Hakusema. Alizipokea, akazipima uzito mkononi. "Leo napika hii. Na Jumapili ukuje. Mnada iko."

Nilikwenda, na nusu ya kikombe kilichobaki. Mzee wa kanisa alizinadi ndengu hizo kwa kelele zile zile za siku zote, zikafika shilingi thelathini. Mama aliyezinunua alizitia kwenye mfuko wake akaenda nazo kupika. Sijawahi kushukuru mteja kama nilivyomshukuru yeye.

Mwanangu, kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo niliijua tangu shuleni, nikadhani ni ya kuwahimiza wenye mali peke yao. Ukiwa nacho, toa, lakini usimnyang'anye maskini nafasi yake ya kutoa. Ukiwa huna, mshukuru Mungu kwa kilichosalia, na upokee bila haya, kwa kuwa anayekuletea naye ana asante yake ya kupeleka.

Mungu akujazie vibuyu vyako. Na siku utakapobaki na nusu kikombe cha ndengu, akupe mtu wa kuzinunua na kwenda nazo.