Mama wa Mikufu na Posa ya Dada Yangu

Shosho alikuwa akifunika televisheni kwa kitambaa kabla ya kubadilisha nguo. Alisema si adabu kuvua sweta mbele ya watu. Ukimwambia hao watu hawamwoni, alikuangalia kwa huruma, kama vile wewe ndiye mtoto na bado hujafundishwa.

Yeye ndiye nyanya yetu, na ndiye aliyetulea mimi na dada yangu kwenye shamba dogo nje ya mji wa Molo, viazi upande wa juu na ng'ombe upande wa chini. Dada alipomaliza shule alishuka Nakuru akapata kazi ya kusuka nywele mtaani Rhonda. Mimi nilimaliza darasa la nane nikabaki na ng'ombe. Walinifaa, kwa sababu ng'ombe haulizi mtu maswali. Mbele ya wageni ulimi wangu hukauka, na hata salamu huitoa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Kwa shosho peke yake nilikuwa msemaji. Kila jioni baada ya kukamua tuliangalia kipindi kimoja cha nchi za mbali, cha familia tajiri, ambacho watu wake walikuwa wamewekewa sauti za Kiingereza. Shosho hakujua Kiingereza. Mimi nilikijua kidogo, basi nilimweleza nilichosikia, na nisichosikia nilikikisia kwa kuangalia nyuso. Shosho alijua kwamba nakisia, na mara nyingine alinirekebisha.

"Huyu amesema anampenda," namwambia.

"Anampenda na amekunja uso hivyo? Angalia vizuri."

"Basi amesema ana njaa."

"Hapo sawa."

Mtu mbaya kwenye kipindi hicho alikuwa mama mkwe mmoja. Tulimwita mama wa mikufu kwa sababu alilala na kuamka na dhahabu shingoni. Mwanawe alikuwa ameoa msichana maskini, na mama hakumtaka huyo msichana hata kidogo. Akaharibu breki za gari ili msichana afe, lakini siku hiyo mwanawe ndiye aliyeliendesha. Hakufa, ila alipoteza kumbukumbu zote, na mama yake akamwambia kwamba yule mkewe ni mfanyakazi wa nyumba tu. Kwa miezi mingi msichana wa watu akampikia mumewe na kumfulia, na mume akimwita "wewe wa jikoni". Shosho alikonda.

Jumapili moja, wakati wa maombi, alisimama kanisani akaomba tumkumbuke msichana fulani anayeteswa na mama mkwe, tena ana mimba, na mume wake ni mgonjwa. Akina mama wakaguna kwa uchungu. Baada ya ibada walimzunguka wakitaka kujua msichana anakaa wapi, wampelekee unga na sukari. Shosho akafikiri, akasema, "Kwa sasa ni mbali kidogo." Mimi nilikuwa nyuma yake nimeinamisha kichwa. Watu wakadhani bado ninaomba.

Habari hiyo ilienea. Nikipeleka maziwa asubuhi, vijana waliokuwa wakipakia viazi kwenye lori walinipigia kelele: "Niaje boss! Mama wa mikufu ameamkaje?" Nilijifanya mtungi ni mzito, nikapita.

Mwaka huo huo dada alipata mchumba. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, karibu na saluni alikofanya kazi. Mama yake alikuwa mjane kutoka magharibi mwa nchi, muuzaji wa samaki wa kukaanga hapo Rhonda, na kijana huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Siku chache kabla ya wao kuja kuposa, dada alinipigia simu.

"Kijana hana shida," akasema. "Mama yake ndiye simwelewi. Nikienda pale ananiangalia vile mtu anaangalia kiazi sokoni, upande huu na upande ule. Haongei. Shosho akikataa hawa watu, mimi nimeisha. Na akikubali bila mtu kumuuliza huyo mama vile ataishi na mimi, bado nitaogopa."

"Muulize wewe," nikasema.

"Mimi? Nitamuulizaje? Muulize wewe basi."

Tukacheka sote wawili. Alijua vile nilivyo.

Wageni walitakiwa kufika Jumamosi asubuhi. Shosho alikuwa amepanga mambo yake vizuri, kwa sababu siku hiyo saa nane mchana, si jioni kama kawaida, ndipo kipindi kilikuwa kinamalizika, sehemu ya mwisho kabisa. Hotuba, chakula, maombi, na watu wawe wameondoka. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha na gari la wageni likakwama kwenye matope ya barabara yetu. Walitokea saa nane ikikaribia, viatu vimejaa tope, wamebeba sukari, kreti ya soda na mablanketi ya shosho. Walikuwa watatu: kijana mwenyewe, mama yake, na ami yake aliyekuja kuwa msemaji wao. Upande wetu msemaji alikuwa mzee jirani, aliyekuwa amevaa koti tangu asubuhi.

"Karibuni sana," shosho akasema. "Kaeni, mtakunywa chai. Mazungumzo yatangoja kidogo." Kisha akanigeukia. "Washa."

Mzee jirani akakohoa. "Mama, si tungeanza na wageni..."

"Wageni wana macho. Wataangalia."

Muziki wa kipindi ukaanza. Mama wa kijana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Ghafla akainuka kidogo.

"Ala! Ni leo?"

"Kwani nawe unaangalia?" shosho akauliza.

"Mimi? Tulipokwama nilimwambia shemeji yangu huyu, gari likikataa mimi natembea mpaka hoteli yoyote iliyo na televisheni!"

Uso wa shosho ukafunguka kama dirisha. Akasogea, akampapasia mgeni nafasi kando yake. Nikamwona dada kwenye mlango wa jikoni akinionyesha kidole gumba. Wale mama wawili wakakaa bega kwa bega, wakinywa chai, na mimi nikaanza kueleza kwa sauti ndogo kama kawaida. Nilifikiri posa imekwisha kukubaliwa.

Kisha mama wa kijana akapumua kwa nguvu, akasema, "Maskini. Huyu mama ameteseka."

"Mama gani?" shosho akauliza.

"Si huyu wa mikufu."

Shosho akaweka kikombe chini. "Huyo muuaji?"

"Muuaji ni neno kubwa. Huyu ni mzazi. Amelea kijana peke yake, halafu anakuja mtu na kumchukua hivi hivi."

"Aliharibu breki!"

"Alikosea."

"Mtu hukosea chumvi kwenye mboga. Breki, mama?"

Ami wa kijana akajaribu kuingia kati. "Tafadhali akina mama, hawa ni watu wa sinema tu."

"Wewe nyamaza," wakamwambia wote wawili kwa pamoja.

Shosho akamgeukia mzee jirani. "Hayo mablanketi yasiguswe kwanza. Mimi sipeleki mtoto wangu kwa nyumba inayomtetea huyu mwanamke."

Dada alikuwa ametokea na sinia ya mukimo wa viazi na mahindi. Akasimama pale pale. Kijana akaanza kuangalia viatu vyake kana kwamba tope lile lilikuwa na maandishi. Na kwenye televisheni, mama wa mikufu alikuwa amemfikisha yule msichana kwenye ukingo wa ngazi, mtoto mchanga mikononi. Mlango ukafunguka, mwana akaingia kwa magongo, akawaangalia wote wawili, akafungua kinywa aseme.

Stima zikapotea.

Sote tulipiga kelele, hata ami. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake nikatuona sisi wenyewe tumepangwa kwenye viti, vikombe mikononi. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati.

"Endelea," shosho akaniambia.

"Shosho, stima zimepotea."

"Nimeona zimepotea. Wewe umepotea? Endelea."

Macho yote yakanigeukia. Ulimi wangu ukafanya vile unavyofanya siku zote. Nikamwangalia dada, naye alikuwa ameikumbatia ile sinia kama mtu anayezama. Basi nikageuza uso, nikakiangalia kile kioo cheusi, kwa sababu chenyewe nilikuwa nimekizoea.

"Kijana anasema," nikaanza, "anasema, mama, nimekumbuka."

"Kwa hasira ama kwa upole?" mama wa kijana akauliza.

"Kwa hasira!" shosho akasema.

"Anaanza kwa hasira," nikasema, "halafu sauti inakatika."

Wote wawili wakaguna. Hilo lilikubalika.

"Sasa huyo mwanamke aanguke hizo ngazi," shosho akasema.

"Asianguke! Apige magoti."

Mzee jirani akajikuna kidevu. "Ama apige magoti kwanza, halafu aanguke?"

Ami wa kijana alikuwa amekuja na hotuba yake na alikuwa hajapata nafasi ya kuitoa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Wazee wa Molo, upande wetu tunaomba jambo moja tu. Asife. Kwa hayo mengine tunaweza kusikizana."

Mzee jirani naye akasimama. "Tumewasikia. Upande wetu tunasema hivi: asife, lakini mikufu aivue."

"Yote," shosho akasema.

"Abaki na mmoja," mama wa kijana akasema polepole. "Ule alivalishwa na marehemu mumewe."

Shosho pia alizika mume. "Huo abaki nao," akasema.

Nikaieleza mikufu ikitoka mmoja mmoja na kuwekwa sakafuni. Nikaeleza msichana akirudi nyuma kutoka kwenye ngazi, na mtoto akilia. Sauti yangu ilikuwa imeanza kusikika mpaka kwa ami, na sikujua ilitoka wapi. "Mama wa mikufu anamwangalia mke wa mwanawe," nikasema, "anamwambia..."

Hapo nikakwama. Sikujua angemwambia nini. Nikakumbuka maneno ya dada kwenye simu. Nikageuka, nikamwangalia yule mama usoni, mara ya kwanza tangu afike.

"Mama, hapa mimi sijui. Angemwambia nini?"

Yeye akaweka mkoba wake chini.

"Angemwambia aliogopa," akasema. "Huyu kijana ndiye mtu peke yake ako naye. Alifikiri huyo msichana akiingia, yeye atakuwa mtu wa kupigiwa simu Krismasi." Akavuta leso yake. "Lakini hakumchukia. Hakujua tu aanze kuongea naye kutoka wapi."

"Na msichana atamjibu nini?" shosho akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Sikujibu mimi. Dada aliweka sinia mezani. "Atamwambia, mama, Jumapili utakula kwangu, kila Jumapili. Lakini jikoni ni yangu. Na usiniangalie kama kiazi."

"Kama kiazi?"

Dada akafunika mdomo. Mama wa kijana akamkazia macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka leso ikapata kazi nyingine. "Jamani! Nilikuwa naangalia nywele! Kila ukija umesuka mtindo mpya, nataka kukuuliza kama unaweza kunisuka na mimi, naona aibu. Mzee kama mimi! Na hiyo jikoni chukua. Mimi nimepika tangu nizaliwe."

Shosho akapiga mapaja. Ami akaketi, akafungua kile kifungo cha koti. Kijana akainua uso kutoka kwenye viatu. Nilijikuta nimesimama katikati ya sebule na sikukumbuka nilisimama saa ngapi.

Ndipo mzee jirani akafanya kama desturi inavyotaka. Akamwita dada mbele ya wote, akamuuliza, "Hawa watu unawajua? Tule vyao ama tusile?"

"Kuleni," dada akasema.

"Nyanya yako tumwachie mablanketi?"

"Ameshaanza kuyafungua," dada akasema, na ilikuwa kweli.

Stima zilirudi tukiwa tunakula. Televisheni ilituonyesha majina yakipanda kwenye kioo, muziki ukicheza, na hakuna aliyejua kipindi kilimalizika vipi. Hakuna aliyeuliza pia. Ami alitoa hotuba yake yote mbele ya kuku, na tukampigia makofi.

Marudio yalionyeshwa Jumatatu. Mimi na shosho tuliketi peke yetu. Yule mwana alipofungua kinywa alisema tu, "Nani ameita polisi?" Mama wa mikufu akakimbia nje, akaingia kwenye gari ambalo breki zake aliziharibu mwenyewe, akashuka mlima nalo mpaka ziwani. Mikufu ilimeta kidogo juu ya maji, kisha ikazama naye. Sikuwa na la kueleza. Kila kitu kilionekana.

Shosho akachukua simu.

"Umeona walichofanya?" akauliza.

Sauti ya Rhonda ikajibu kwa nguvu mpaka nikaisikia. "Nimeona! Hao watu hawana adabu. Yetu ilikuwa nzuri."

"Tena sana," shosho akasema.

Dada aliolewa baada ya mavuno ya viazi, na sasa mama mkwe wake anatembea Rhonda na mitindo ya nywele ambayo wasichana humsimamisha kuuliza. Kipindi kingine kimeanza, cha hospitali. Jioni shosho huiweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, na mimi huwaeleza wote wawili, wa Molo na wa Rhonda. Nikikisia vibaya sasa nina watu wawili wa kunirekebisha. Jana mama wa Rhonda alisema huyo daktari mpya anaonekana mtu wa kuaminika. Shosho akasema haaminiki hata kidogo, ana viatu vilivyochongoka. Wakabishana mpaka matangazo yakaisha, halafu wakanitaka mimi nikate shauri.

"Tungoje tuone," nikasema.

"Tungoje nini?" wakauliza kwa pamoja. "Sema!"

Nikasema.