Mume Wangu na Magoti ya Watu

Mume wangu Urbain anaangalia miguu ya wanawake, na Kalemie nzima inajua. Misa ikiisha, wenzake wanakwenda kupiga soga, yeye anabaki chini ya ngazi za kanisa akitazama watu wanavyoshuka. Anasema kupanda kunaficha mengi, lakini wakati wa kushuka goti bovu linajitaja lenyewe. Ni kine, yule anayefanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini, na kwa miaka ishirini na sita bado hajashiba. Mimi nilishiba zamani.

Kwa hiyo siku kijana wetu Ephraïm alipomleta mchumba wake, Chérie, niliomba Mungu Urbain asinitie aibu. Aliyenitia aibu ni Chérie. Kwetu msichana akiingia mara ya kwanza nyumbani kwa wakwe, anapiga goti mbele ya mama mkwe na kumsalimu kwa mikono miwili. Yeye aliinamisha kichwa tu, akanipa mkono akiwa amesimama. Na Émérence, dada mkubwa wa Urbain, alikuwa amekaa palepale. Shangazi huyo akikataa, ndoa hakuna.

"Akirudia ile mara ingine, mimi natoka mu hii mambo," Émérence alisema walipoondoka.

Nilimuunga mkono. Nilikasirika hata chakula hakikupita. Urbain alikula samaki wake, kisha akala na wangu.

"Uliona vile alisimama?" akaniuliza. "Goti ya kuume hainyookake mupaka mwisho."

"Niliona kiburi."

"Kiburi haivimbishake goti, Mama Ephraïm."

Siku tatu hakuwa na raha, anawaza goti lisilo lake. Mwishowe akamtuma Ephraïm amlete msichana. Hapo akakumbuka kwamba baba mkwe hawezi kumshika mkwe wake mguu, hata awe kine wa namna gani. Mwenzake wa kazi, ambaye angemshika, alikuwa amesafiri kwenda Ankoro kwenye matanga. Akakaa sebuleni, akavuta pazia la chumba, akaniambia, "Wewe njo utakuwa mikono yangu."

Mimi! Nilitamani kucheka, nilitamani pia kumtukana. Lakini msichana alikuwa amekwisha kulala kitandani, kitenge kimepanda juu ya goti, na lile goti lilikuwa nene kuliko lenzake. Macho yake yalikuwa kwenye dari.

"Iliumia namna gani?" Urbain akauliza nyuma ya pazia.

"Nilikuwa nashuka mutumbwi kule Mpala, Papa, na ndoo ku kichwa. Muguu ikanasa mu matope, mwili ikageuka."

"Ilivimba saa ileile ao kesho yake?"

"Kesho yake asubui."

"Eeh!" Sauti yake ilijaa furaha, nikaona haya kwa niaba yake. "Kama ingevimba saa ileile, ningeogopa sana mushipa wa ndani, ule unafunga mifupa mbili. Ukikatika, damu inajaaka haraka. Mama, kunja goti yake kidogo. Shika paja na mukono moja, na ingine vuta muundi kuja kwako. Inateleza?"

Nikavuta. Nikavuta na ule mguu usioumia, nikalinganisha. "Inasimama. Kama ile ingine."

"Sasa sukuma pembeni, huku na huku." Goti halikufunguka upande wowote. "Basi mishipa iko muzima. Tafuta kwa kidole ule mustari kati ya mifupa, upande wa ndani. Bonyeza."

Chérie akanishika mkono, akauma mdomo. Urbain akaniambia nilikunje goti polepole, nizungushe unyayo, halafu nilinyooshe. Na hapo, chini ya kiganja changu, kitu kidogo kiliruka: tak. Nikasisimka. Nilisahau kama nina hasira.

"Urbain, kuna kitu ndani! Imeruka!"

"Gegedu," akasema. "Ule muto wa kati ya mifupa. Umechanika, kipande kinaingiaka mu njia." Aliniambia picha ya radio, yaani eksirei, isingeonyesha kitu, maana inaona mifupa tu. "Chérie, nani alikukanda?"

"Mama moja kwetu," Chérie akajibu. "Alivuta kwa nguvu, mara tatu. Tangu siku ile inafungaka."

"Na siku ile hapa?" nikamuuliza mimi. "Kwa nini hukusema?"

Alivuta kitenge, akafunika goti. "Niliogopa mutasema Ephraïm ameleta kilema. Na kama ningepiga goti, nisingeamuka. Nani angeniinua mbele yenu?"

Niliona aibu, safari hii ya kwangu.

Urbain akatoa masharti: barafu ya wauza samaki, ifungwe kitambaani, kukaza misuli ya paja kila siku, kutojizungusha juu ya mguu, kutochuchumaa wala kupiga goti wiki sita. Goti likigoma kunyooka kabisa, basi ni kwa daktari wa kupasua, Lubumbashi. Mazoezi niliyasimamia mimi, nikihesabu mpaka thelathini, mikono yangu ikipima uvimbe unavyopungua.

Wiki ya nne Émérence akaja bila kutuambia. Akaketi kitini, akanyoosha mikono yake miwili, akangoja. Chérie akamtazama, akanitazama, kisha akaanza kushuka apige goti. Uso ulikuwa umembadilika. Nikamdaka kwapani, nikamsimamisha.

"Hii njo nini tena?" Émérence akasema.

"Mimi njo nilimukataza."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," nikasema uongo, na sikumwachia Chérie mkono.