Bastola Haikubaki Mlangoni

Majina ya watu wa siku ile ninayo yote kichwani, hata la ng'ombe mwekundu aliyeuzwa wiki hiyo. Hapa sitayaandika. Watoto wao bado wako, na wengine tunakaa nao benchi moja kanisani.

Bwanangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua soko la Siongiroi, akauza la Sotik, jioni akarudi nyumbani na pesa ndani ya soksi. Ilikuwa miaka ya tisini, na barabara ilikuwa mbaya kwa watu wa pesa. Wezi walipomvamia mara ya pili na kumvunja mkono, akaenda kuomba leseni ya bastola. Ofisini walimzungusha mpaka nikadhani amekata tamaa. Kumbe la. Siku moja akaingia na kisanduku kipya, akakifungua mezani, nami nikaona kitu cheusi kimelala ndani kama panya aliyekufa.

Kabla ya kuanza kutembea nayo, alitakiwa apige shabaha mbele ya mwalimu. Akaniambia, "Twende pamoja. Sitaki uogope kitu iko kwa nyumba yako."

Renji yenyewe, mahali pa kupigia shabaha, ilikuwa shimo kubwa la kuchimba maramu ya barabara, nyuma ya mashamba ya chai. Mwalimu alikuwa askari mstaafu, mtu mnene wa maneno mengi. Alivuta bastola kutoka kisandukuni, ikamteleza. Akainusa. Akamwangalia bwanangu.

"Mzee, umepaka nini hapa?"

"Samli," bwanangu akasema, bila aibu. "Baba yangu alikuwa anapaka mkuki wake samli. Haukushika kutu hata siku moja."

"Mzee, hii ni bastola ama ni chapati?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwalimu akaifungua vipande vipande, akaifuta kwa kitambaa na kuipaka mafuta yake mwenyewe, lakini samli haitoki upesi. Bwanangu alipopiga risasi za kwanza, na chuma kikapata moto, harufu ikapanda kama jikoni asubuhi ya Krismasi. Ng'ambo ya bonde, wachumaji wa chai walisimama na vikapu mgongoni kutuangalia.

Kisha mwalimu akanigeukia. "Mama naye apige mbili. Mimi nimesimama hapa."

Sikuwa nimewahi kushika bunduki. Jambo la kwanza lililonishangaza ni uzito. Kitu kidogo vile, lakini mkono ulishuka wenyewe, kama umepewa mtoto aliyelala. Mwalimu akanipanga vidole, akanizibia masikio kwa pamba, akasema nisivute triga kwa nguvu, niifinye polepole kama chuchu ya ng'ombe mwenye kidonda. Hilo nililijua. Nikafinya. Sikusikia mlio kwanza. Nilisikia teke, kutoka kiganjani hadi begani, na kitu cha moto kikaruka na kuingia ndani ya blauzi yangu.

"Nimepigwa!" nikalia.

"Ni ganda tu, mama! Ganda la risasi! Usigeuke na hiyo kitu!"

Akanishika mkono, ukabaki umeelekea ukingo wa udongo. Akaniambia risasi nyingine imeshaingia yenyewe, hakuna haja ya kukoki tena. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mlio. Upinde unauwekea mshale, na wakati unauchukua mshale wa pili, hasira inaweza kupoa kidogo. Kitu hiki hakikungoja mtu. Lakini nilifinya tena, na hiyo ya pili ikatoboa karatasi karibu na katikati. Bwanangu alipiga makofi. Nyumbani aliwaambia watu wote kwamba mke wake ni askari, nami nikafurahi kama msichana.

Sasa niseme juu ya rafiki yangu. Alikuwa mama wa upande wa pili wa mpaka wa kabila letu na lao, muuza ndizi soko la Sotik. Mimi nilipeleka maziwa hapo, tukazoeana hadi akawa ananiita Maziwa, nami namwita Ndizi. Mvua ikimkamata, au gari likikosekana, alilala kwetu. Alikuja na leso yake ya kulalia na mkungu mmoja wa watoto. Miaka ile watu wa pande mbili walikuwa wameanza kuangaliana kwa jicho baya. Jirani zangu waliniuliza, "Huyo bado unamkaribisha?" Nikawaambia ndiyo, na nilitaka iendelee kuwa ndiyo.

Kwetu, mwanamume akifika na mkuki, anausimamisha nje, kando ya mlango, ndipo anaingia kunywa maziwa akiwa mikono mitupu. Hata mgeni alifanya hivyo. Ukiuona umesimama pale, unajua waliomo ndani wamekaa kwa amani.

Ndizi alikuja mchana wa mvua. Nikamtolea mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, na alikuwa ameyazoea kuliko watoto wangu. Bwanangu akaingia, akamsalimia vizuri, akainama kuvuta kigoda. Koti likapanda. Bastola ikaonekana kiunoni.

"Shemeji," Ndizi akauliza, "hiyo ni ya nini?"

"Ni ya wezi tu."

"Na hapa ndani umeona mwizi? Ama ni mimi nimekuja kuiba Maziwa?"

Tulicheka sote watatu. Lakini kicheko kilikwisha. Ndizi akaangalia mlangoni, akaangalia kikombe, akakiweka chini kikiwa nusu. Akasema mvua imepungua, wacha awahi gari la mwisho. Mvua haikuwa imepungua. Aliichukua leso yake, akajifunika kichwani, akaenda.

Nikamwambia bwanangu, "Si ungeiacha kwa mlango, kama mkuki wa baba?"

"Mkuki hauna leseni," akanijibu. "Hii wakiipata nje bila mimi, ni mimi nitafungwa." Nayo ilikuwa kweli. Samli ya mkuki wa baba yake aliikumbuka, lakini ile desturi ya kuuacha mlangoni haikuwezekana kwa bastola.

Bastola ile haikumpiga mwizi hata mmoja. Kazi yake yote ilikuwa kwenda renji na kurudi, mpaka bwanangu alipozeeka na kuirudisha kwa polisi. Harufu ya samli ikipata moto bado hunirudisha kwenye shimo lile, jinsi nilivyocheka, na moyo unanishuka.

Nilimfuata Ndizi sokoni wiki iliyofuata, na kibuyu kidogo cha mursik chini ya shuka. Alikuwa amekaa mahali pake, watu wamemzunguka. Nilingoja wapungue. Aliinua macho, akaniona, akanipangusia ndizi nzuri kabisa, zisizo na doa.

"Karibu, kastoma," akaniambia. "Nikufungie hizi?"

Nikasema anifungie. Nilirudi nyumbani na ndizi, na kibuyu kikiwa bado kimejaa.